Mume Yuko Ujiji: Ndoa, Waraka na Umbali katika Karne ya Kumi na Tisa

Mtumbwi utokao Ujiji kwenda kaskazini, ukishikamana na pwani ya ziwa kama ilivyo desturi ya wapiga makasia, hupita kwanza rasi ya Bangwe, kisha mlango wa ghuba ya Kigoma, na baada ya hapo hutokeza mbele ya Kibirizi. Leo Kibirizi ni ufukwe wa mashua na dagaa, na abiria huondoka hapo kwenda vijiji vya kaskazini hadi mpakani na Burundi. Katika karne ya kumi na tisa njia hiyo ya maji ilipitwa na mitumbwi miwili iliyokuja kuandikwa sana vitabuni. Wa kwanza ni wa mwezi wa Aprili 1858, alipopita Richard Burton pamoja na Speke, wakienda Uvira kuuliza habari za mto Rusizi. Wa pili ni wa mwaka 1871, walipopita David Livingstone na Henry Stanley, nao wakiuendea mto ule ule.

Habari za kijiografia za safari hizo zimekwisha kusemwa na kurudiwa. Hapa tunakusudia kuuliza jambo dogo zaidi, nalo ni la nyumbani. Kila mmoja katika hao wawili, Burton na Livingstone, alikuwa na mwanamke aliyeingia katika maisha yake kwa njia ya karatasi zaidi kuliko kwa kuonana. Wa Burton alikuwa hai London, akihesabu siku. Wa Livingstone alikuwa amekwisha kulala chini ya mbuyu kando ya mto Zambezi. Na sisi wa visiwani twajua kwamba katika miaka hiyo hiyo majumba mengi ya Unguja yalikuwa na wake ambao, wakiulizwa yuko wapi bwana, jibu lao lilikuwa ni bara, au Manyema, au Ujiji. Waraka ni nusu ya kuonana, wasema wahenga. Swali ni kwamba ile nusu ilimfikia nani, na iliyobaki kwetu leo ni sauti ya nani.

Kwanza tuupime umbali. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, zaidi ya miezi saba. Waliobahatika zaidi walitumia miezi mitatu. Waraka haukuwa na safari yake wenyewe. Uliningʼinia katika mzigo wa mtu mwingine. Ukifika Tabora, penye njia panda ya misafara, ungeweza kulala hapo mwezi au mwaka, kwa sababu ya vita, au mvua, au kwa kuwa mwenye kuubeba amepata biashara upande mwingine. Linganisha na Uingereza. Tangu 1840 waraka ulisafirishwa huko kutoka mji hadi mji kwa stempu ya peni moja, na katika nyumba za watu wa daraja, wenye mashamba na majina ya kale, kuandika barua ilikuwa kazi ya kila asubuhi ya mwanamke, kama vile kuangalia jikoni na kutoa amri kwa watumishi. Barua ilisomwa kwa sauti penye chai, ikapitishwa kwa shangazi, ikahifadhiwa sandukuni. Mwanamke aliyelelewa katika desturi hiyo, akipendana na mtu aliyekwenda Ujiji, alikuwa ni kama mtu aliyezoea kisima cha uani kisha akahamishiwa jangwani.

Mwanamke huyo alikuwa Isabel Arundell. Alizaliwa 1831 katika tawi la jamaa ya Arundell wa Wardour, Wakatoliki wa nasaba ya zamani, wenye heshima kuliko fedha. Yeye na Burton waliposiana kwa siri mwaka 1856, mama yake Isabel akiwa hamtaki kabisa bwana huyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Burton akaondoka kuja Unguja bila ya kumuaga ana kwa ana, aliacha barua. Alipokuwa Afrika, Isabel alimwandikia na kumwandikia, akimjazia habari za mjini na vipande vya magazeti ili asije akarudi mgeni katika nchi yake. Majibu yalikuwa haba. Isabel mwenyewe anasimulia kwamba mwaka 1859, alipokwisha kukaa muda mrefu bila ya habari hata akaanza kukata tamaa, alipokea bahasha iliyotoka Unguja. Ndani yake hamkuwa na barua. Mlikuwa na beti za mistari sita tu, zilizoandikwa kwa mkono wa Burton, zikimhusu yeye.

Msomaji wa jarida la ushairi huenda akafurahi hapo, akasema, kumbe shairi lilitosha. Isabel naye anasema lilimtosha, maana alitambua kwamba bado yumo moyoni mwa mtu wake. Lakini tutazame vyema. Mtu aliyeandika juu ya Ujiji na njia yake kurasa mia kadhaa, akapima bei ya ushanga, urefu wa mitumbwi na umbo la nyumba, alimpelekea mchumba wake mistari sita baada ya miaka miwili. Sidhani kuwa ilikuwa ni ukosefu wa mapenzi. Naona ni kwamba Burton alikuwa na fani mbili za kuandika, moja ya kueleza kila kitu na moja ya kutoeleza, na mwanamke alipewa ile ya pili.

Walioana Januari 1861, mama yake Isabel akiwa hana habari. Miezi michache baadaye Burton akapelekwa kuwa balozi mdogo huko Fernando Po, kisiwa cha Afrika ya Magharibi chenye homa mbaya, na akakataa mkewe amfuate. Basi bibi arusi akarudi kukaa kwa wazee wake London. Kazi alizofanya hapo zilikuwa zaidi ya kungoja: alisimamia mambo ya vitabu vya mumewe, alikwenda mwenyewe katika ofisi ya Wizara ya Nje kumwombea mumewe likizo. Alikuwa wakili wake, karani wake na mtetezi wake, ilhali kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mwanamke aliyeolewa hakuwa hata na mali yake mwenyewe; chumo lake lilikuwa la mume. Sheria ya kwanza ya kulegeza jambo hilo ilipitishwa 1870, na ya pili, iliyo pana zaidi, 1882.

Waraka unaojulikana sana katika ndoa ile ni mfupi kuliko hata lile shairi. Mwaka 1871 Burton alikuwa balozi mdogo Damascus, akafukuzwa kazi ghafla. Akamwachia mkewe maagizo ya maneno machache: asiogope, alipe madeni, afunge mizigo, amfuate. Watu wa Uingereza wameyafanya maneno yale kama mithali, wakicheka. Lakini aliyelipa, aliyefunga na aliyefuata ni Isabel, na kazi ile haikuwa ya maneno matatu.

Burton alifariki Trieste 1890. Isabel akaandika maisha ya mumewe katika juzuu mbili zilizotoka 1893, na pia akayatia motoni baadhi ya maandiko yake. Baada ya yeye mwenyewe kufa 1896, karatasi nyingine zikachomwa. Wataalamu hawajamsamehe mpaka leo. Mimi nasema alichoma kama mtu mwenye nyumba anavyochoma. Kosa au si kosa, alikuwa amekwisha kukaa miaka thelathini akizilinda karatasi hizo hizo.

Sasa tumgeukie Mary. Yeye hakuwa wa nasaba. Alikuwa binti wa Robert Moffat, mmishonari wa Kuruman, Afrika ya Kusini, na alizaliwa Afrika. Aliolewa na Livingstone Januari 1845. Miaka ya kwanza alikuwa pamoja naye jangwani, akizaa njiani, akipika sabuni na mkate kwa mikono yake. Mwaka 1852 Livingstone akaona kwamba safari anazozitaka haziwezi kufanywa na mama mwenye watoto. Mwezi wa Aprili akawapandisha merikebuni Cape Town, Mary na watoto wanne, kwenda Uingereza, nchi ambayo Mary hakuwa mwenyeji wake. Walitengana zaidi ya miaka minne na nusu.

Barua za Livingstone za wakati ule zimesalia nyingi kiasi. Siku chache tu baada ya merikebu kuondoka alimwandikia mkewe kwamba moyo unamwuma, na kwamba anawakumbuka watoto kila saa. Ni barua nzuri, na sioni sababu ya kutomsadiki. Lakini Mary aliishi vipi? Hakupatana na wakwe zake huko Hamilton. Alihama mji hadi mji, nyumba za kupanga na nyumba za rafiki, akiomba fedha kwa jumuiya ya wamishonari, maana posho haikutosha. Barua za mumewe zilipotea njiani au zilichukua miezi na miezi. Kulikuwa na vipindi ambavyo hakujua kama ni mke au mjane. Waliomjua walisema kwamba alianza kunywa, na kwamba imani yake ilitikisika. Tunayajua haya kwa midomo ya watu wengine. Barua zake mwenyewe Mary zilizosalia ni chache mno. Katika nyumba ile, karatasi za mwenye kusafiri zilihifadhiwa kama dhahabu, na za mwenye kubaki zikaenda na vumbi.

Ila limebaki shairi. Livingstone aliporudi Desemba 1856, Uingereza nzima ikimngoja kwa shangwe, Mary alimpokea kwa beti alizozitunga mwenyewe. Shairi hilo likaja kuchapishwa na mwandishi wa maisha ya Livingstone baada ya wote wawili kufa. Si shairi kubwa kwa vipimo vya wahakiki. Lina mwendo wa nyimbo za Kiskoti. Lakini lina mambo mawili yanayoshika roho. La kwanza, mke anamwambia mume kwamba hatamlaumu kwa machungu yaliyompata. Atajaye kutolaumu amekwisha kulaumu. Washairi wa kwetu wanaijua mbinu hiyo vizuri. La pili, anasema hataachwa tena: atamtunza mumewe maadamu yu hai, na yeye akifa mume atakuwa pembeni yake.

Ahadi ya kwanza haikutimia. Mwaka 1858 waliondoka pamoja kwa safari ya Zambezi, lakini Mary akaonekana ana mimba akateremshwa Cape Town. Binti yao Anna Mary akazaliwa Kuruman mwezi wa Novemba. Baba yake hakumwona mpaka 1864. Ahadi ya pili ndiyo iliyotimia. Mwanzoni mwa 1862 Mary alimfuata mumewe Zambezi, na mwezi wa Aprili tarehe 27 akafa kwa homa huko Shupanga. Livingstone alikuwa ameketi kando ya kitanda. Muda wa miezi mitatu ndio waliokaa pamoja.

Ndiyo maana Livingstone aliyekaa Ujiji alikuwa ni mtu asiye na wa kumwandikia usiku. Alifika hapo mara ya kwanza Machi 1869, mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya vitu vyake imeibwa. Aliandika barua zaidi ya 40, kwa watoto, marafiki na wakubwa wa serikali, akazikabidhi kwa wafanyabiashara wazipeleke pwani. Wao walishuku, na hawakukosea, kwamba zimejaa habari za biashara ya watumwa. Nyingi hazikufika. Kisha akaenda Manyema, na Julai 1871 akaona kwa macho yake huko Nyangwe watu wa bunduki wakiwafyatulia risasi watu sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba kama kivuli.

Siku chache baadaye akatokea Stanley, na miongoni mwa alivyoleta ulikuwamo mfuko wa barua. Mfuko huo ulikuwa umeandikwa tarehe ya 1 Novemba 1870. Ulitumwa kutoka Unguja, ukalala Unyanyembe mpaka Stanley alipoukuta na kuuchukua. Mwaka mzima, basi, kwa safari ambayo mtu mwenye miguu angeifanya kwa miezi mitatu. Stanley anasimulia kwamba mzee aliuweka mfuko magotini, akaufungua, akatoa barua mbili tatu za wanawe, akazisoma, uso ukamngʼaa. Kisha akazifunga zilizobaki akasema apewe kwanza habari za dunia, maana yeye amejifunza kungoja. Wengi wamelisifu neno hilo kuwa ni subira. Mimi hukumbuka kwamba subira hiyo alikuwa amemfundisha mkewe kwanza.

Katika baraza lile la Ujiji alikuwapo mwanamke mwingine ambaye hatajwi sana, naye ni Halima, mpishi, mke wa Amoda aliyekuwa mmoja wa watumishi wa Livingstone. Stanley anamweleza alivyohangaika siku ile, akihofu kwamba mgeni mwenye msafara mkubwa namna ile ataona nyumba yao haina kitu cha maana cha kumwandalia. Humo ndimo ilimokuwa nyumba ya kweli ya Livingstone Ujiji: jiko la Halima. Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba akifika Unguja atamnunulia nyumba na shamba dogo. Alikufa Mei 1873 kabla ya kutimiza.

Sasa tuvuke kuja upande wetu.

Mswahili au Mwarabu wa Unguja aliyekwenda bara naye aliandika. Waraka wake ulikuwa na sura maalumu, iliyorithiwa: huanza kwa kumtukuza anayepelekewa kwa majina yake na ya baba yake, dua ya kuhifadhiwa, kisha wa baadu, nakuarifu hali yangu njema, ndipo ije haja. Barua za namna hii katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu zipo. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya aina hiyo huko Ujerumani mwaka 1892. Humo mna bidhaa, madeni, siasa na salamu. Mke humwoni. Si kwamba hakukumbukwa. Adabu ilikataa jina la mke lipite mikononi mwa wapagazi na makarani, kwa hiyo mume alimwandikia mkwewe au nduguye, na mwishoni akaongeza: nisalimie nyumbani. Neno hilo moja, nyumbani, lilibeba mke, watoto, kitanda na kila alichokitamani. Aliyejua kusoma alilisoma. Lakini mwanahistoria akiingia leo katika makaratasi hayo kumtafuta mwanamke, hukuta jengo.

Chukua mfano wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Babake, Muhammed bin Juma, alikuwa na nyumba mbili kwa maana kamili ya neno: mke wa Kiarabu Unguja, mama yake Hamed, na huko Unyanyembe Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa ya bara ilikuwa mlango wa biashara na amani. Ndivyo ilivyokuwa Ujiji pia, ambako wakubwa wa pwani walishikana udugu na wenyeji kwa kuoa. Hamed mwenyewe alimwoa bint Salum bin Abdallah al-Barwani, mwanamke mwenye mali nyingi zake mwenyewe. Hapa tusiache kulinganisha: katika miaka ambayo Isabel Arundell, binti wa nasaba, hakuruhusiwa na sheria, akisha kuolewa, kumiliki hata chumo lake mwenyewe, bint Salum alimiliki mali yake kwa haki ya sharia, ameolewa au hakuolewa. Kisha, mwaka 1870 hivi, Hamed akaondoka. Alirudi Unguja mwishoni mwa 1882. Takriban miaka 12.

Tunacho kitabu chake, maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, alichokiandika kwa Kiswahili na kikachapishwa na Brode mwaka 1902 na 1903. Ni kitabu kizuri, chepesi, chenye kiburi cha kupendeza. Kinaeleza barua zilizomfikia Kasongo kutoka kwa Taria Topan na kutoka kwa Sayyid Barghash, zikimtaka arudi. Tajiri wake na mfalme wake. Kama bint Salum alimwandikia, au alimwandikisha mtu, kitabu kimenyamaza. Habari za mke katika kitabu kizima ni chache kuliko habari za pembe katika safari moja.

Penye kumwona mwanamke ni katika fikihi, na jambo hili linastahili kukaliwa kidogo. Mume akisafiri alipaswa kuacha masurufu au kuweka wakili wa kuyatoa. Asipoyaacha, mke alikuwa na haki ya kumwendea kadhi. Na waraka, ambao kwa Mwingereza ulikuwa ni maongezi tu, kwa sharia uliweza kuwa tendo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu walichokisoma sana wanavyuoni wa Kishafii wa pwani yetu, analizungumza suala la mtu anayemwandikia mkewe talaka. Maandishi peke yake hayatoshi. Yahitaji nia ya mwandishi. Tena mume akiandika kwamba barua yangu ikikufikia umeachika, basi talaka haipiti ila itakapomfikia. Na akiandika ukiisoma, ndipo linapokuja swali kama mke anajua kusoma au hajui: ajuaye haachiki mpaka aisome mwenyewe, na asiyejua huachika akisomewa.

Fikiri, msomaji, maana ya masharti hayo katika njia ya Ujiji. Waraka umeandikwa, nia imepita, mume amekwisha kuoa mke mwingine bara. Waraka umelala Tabora mwaka mzima kama ule mfuko wa Livingstone. Na huko Unguja mwanamke anaendelea kuwa mke, kwa sharia na kwa haki zake zote, kwa sababu karatasi haijamgusa mkono. Wanavyuoni walioandika masharti hayo karne nyingi kabla hawakuifikiria Ujiji, lakini walimfikiria mwanamke anayefunguliwa barua, na wakajali kama anaijua alifu au haijui. Katika vitabu vyote vya wasafiri nilivyovitaja hapo juu hamna swali lililoulizwa kwa uangalifu kama huo juu ya mwanamke aliyebaki.

Na mwaka 1858, wakati Burton alipokuwa Ujiji, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa akimtungia bintiye utendi juu ya namna ya kukaa na Mungu, na watu, na mume. Umesomwa sana kama mafunzo ya utiifu, na siku hizi umekosolewa kwa sababu hiyo hiyo. Ninachotaka kukionesha ni kwamba umeandikwa kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, nyumba hadi nyumba, bila ya kupita kwa mume wala karani. Watu wa pwani walikuwa na mahali ambapo mwanamke aliweza kuyaweka maneno yake yakadumu, napo ni kwenye mizani ya ushairi. Mary Livingstone naye, asiyejua habari za Siyu, alipofika pa kusema lisilosemeka katika barua alikwenda mahali pale pale.

Wapo waliokosa hata hapo. Katika majumba ya Ujiji, wanawake wengi walikuwa Wamanyema na wengineo waliovushwa ziwa kwa nguvu, wakawa watumwa na masuria. Nao walikuwa wake za watu. Waume wao, kama walikuwa hai, hawakuwa na pa kupeleka waraka, wala mpagazi, wala jina la mji. Na majina mapya waliyopewa wanawake hao yasingetambulikana na mama zao. Kila tunapozisifu barua zilizovumilia njia ya Ujiji, na tuikumbuke njia ile ilikuwa ikipitisha nini zaidi ya barua.

Nimalizie kwa mwanamke aliyekataa kungoja. Edward Hore, baharia, alifika Ujiji Agosti 1878 pamoja na wamishonari wa London, na mwezi mmoja baadaye akamzika mwenzake Thomson. Aliporudi kwao kupumzika akamwoa Annie Boyle mwaka 1881. Jaribio la kwanza la Annie la kumfuata ziwani lilishindikana, mume akatangulia na mashua ya chuma iliyokatwa vipande. Mwaka 1884 Annie akaja tena na mtoto wao mdogo, Jack. Alipandishwa katika kiti cha magurudumu cha wagonjwa, aina itumiwayo katika miji ya Uingereza kuwatembezea wazee. Njia zetu hazikuwa na haja ya magurudumu, kikafungwa katika mti kikachukuliwa mabegani. Baada ya mwendo wa siku 90, Januari 1885, akaingia Ujiji. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka London mwaka uliofuata.

Kitabu hicho kina upungufu wa vitabu vya namna yake. Wapagazi waliombeba aghalabu hawana majina. Lakini ndani yake kuna maziwa ya mtoto, nguo zilizolowa, mahali pa kulala, na hofu ya mama mtoto anapopata joto usiku. Burton alikuwa amepita njia ile ile akapima kila kitu, haya hakuyaona. Annie akakaa na mumewe katika kisiwa cha Kavala, ngʼambo ya magharibi ya ziwa, akafundisha wanawake na wasichana. Mume na mke walipokwisha kuwa chini ya paa moja, waraka ulibadilisha mwelekeo: sasa ndugu na jamaa wa Uingereza ndio waliongoja. Jack alirejeshwa kwao, akafa akingali mtoto.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, na kwa miezi michache mtu wa ziwani aliweza kuandika leo na kutumaini jibu kabla mwezi haujaandama tena. Mwezi wa Agosti vita vikaanza. Askari wakachukuliwa, na wake zao wengi, ambao hakuna aliyewaandikia maagizo yoyote, wakafunga mizigo wakafuata jeshi kwa miguu.